Siku Treni Ilipowahi Kwamgunda

Stesheni ya Kwamgunda iko kati ya Kilosa na Kidete, juu ya tuta, mto Mkondoa ukipita bondeni. Ina chumba kimoja, benchi moja, na dirisha la tiketi lisilofunguka mpaka ulipige ngumi. Mjerumani aliijenga, Mwingereza akaipaka chokaa, sisi tukaongeza choo. Hiyo ndiyo historia yote, na Stefano huisimulia kwa saa mbili bila kumeza mate.

Stefano ndiye stesheni yenyewe. Anakata tiketi, anapeperusha bendera, anafagia, anafukuza ng'ombe relini, na anapiga kengele, ambayo ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo. Mapigo matatu maana yake treni inakuja. Mapigo yasiyokatika maana yake mto umefurika, kimbieni. Miaka thelathini na mmoja hajachanganya hata siku moja.

Treni ya abiria hupita mara mbili kwa wiki, saa nne asubuhi. Yaani ratiba ndiyo inayosema saa nne! Treni yenyewe hufika saa saba, saa nane, na ikijisikia, saa kumi. Watu wa Kwamgunda si wajinga. Saa nne wako shambani, saa sita wanaoga, saa saba mihogo ya kuwauzia abiria madirishani imeiva, ndipo wanapanda tuta taratibu. Ukimwambia mtu awahi, atakuuliza kama unaumwa.

Basi mwaka huu ikaja barua. Kwa kuwa reli mpya ya umeme imechukua abiria wengi, treni ya zamani itapunguza mahali pa kusimama. Jumanne afisa atapita kutazama kama Kwamgunda ina abiria. Kama haina, treni itapita moja kwa moja, na Stefano atapewa mkono wa kwaheri.

Chakula kikamshinda mzee wa watu. "Baba Elia," mkewe Editha akamwambia, "ule usile, treni haijui. Zungumza na watu." Akazunguka nyumba kwa nyumba akiwabembeleza: Jumanne msiniangushe, jamani. Wote wakaapa. Na hawakuwa na nia mbaya hata kidogo, kwani walipanga kuwahi kweli kweli. Saa sita na nusu wawe wameshafika!

Jumanne, saa tatu na nusu, simu ikalia kutoka stesheni ya Kilosa.

"Mzee, treni imeshatoka Kilosa."

"Kwa wakati?"

"Kwa wakati."

"Usinitanie, kijana."

"Haki ya Mungu, mzee. Mkubwa yumo ndani."

Kumbe mkubwa akiwamo treni hukimbia! Stefano akachungulia nje. Alikuwapo jogoo mmoja tu, tena wa jirani. Akapiga kengele mara tatu. Kule mashambani watu wakainuka, wakatazama jua, wakatikisa kichwa. "Mzee leo wasiwasi umemzidi," wakasema, wakainamia majembe yao. Editha mwenyewe alikuwa mtoni anafua, wala hakugeuka. Akapiga tena tatu. Hakuna kitu. Honi ikalia kwenye kona.

Hapo mkono wa Stefano ukafanya jambo ambalo kichwa hakikuutuma. Ukapiga kengele bila kukatika.

Lo! Ungeona! Kijiji kizima kilipanda tuta kwa mpigo, na magodoro, na kuku, na cherehani. Mzee Nikolaus, mkubwa wa baraza la wazee, alikuja mgongoni mwa mwanawe, redio yake kwapani. Treni iliposimama, watu zaidi ya mia mbili walikuwa wamejipanga na mizigo yao, wanahema.

Afisa akashuka. Aliitwa Lupakisyo, kijana wa miaka thelathini na kitu. "Mzee Stefano, shikamoo. Abiria wote hawa?"

"Marahaba. Wamekuja," Stefano akasema.

Sasa, Lupakisyo alikuwa amelelewa vizuri, na hilo ndilo lililomponza. Hawezi kuwapita wazee kama magogo. Shikamoo bibi, marahaba baba. Shikamoo babu, marahaba mwanangu, wa nyumbani hawajambo? Wazee wa kijiji kizima, mmoja mmoja! Dereva akashuka kutafuta mihogo. Treni iliyofika kwa wakati ikawa imechelewa dakika hamsini.

Wa mwisho alikuwa Bibi Costancia, amekalia gunia lake la mbegu.

"Bibi, unasafiri kwenda wapi?"

"Kusafiri? Sijapanda treni tangu nizaliwe! Nimekimbilia hapa. Maji yakija sote tunakimbilia hapa. Mafuriko yale ya mwisho tulikaa siku tisa, na watoto wawili walizaliwa chumba cha tiketi." Kisha akatazama bondeni. "Stefano, hayo maji yako wapi?"

Vichwa vyote vikageuka. Mkondoa ulikuwa chini, kuku angevuka kwa miguu. Stefano akavua kofia.

"Hakuna maji. Treni iliwahi, nikaona hamji. Nikaogopa." Akalia mbele za watu, mzee mzima.

"Nimeacha shuka mbili zinakwenda na mto!" Editha akafoka, na kijiji kikamfuata, kila mtu na lake. Lupakisyo akangoja mpaka wakachoka.

"Stesheni hii ikifungwa," akauliza, "kengele atapiga nani?"

Akaandika kwa muda mrefu, akapanda treni, akaenda zake.

Baada ya miezi miwili barua ikaja. Abiria wa Kwamgunda ni wachache mno, ilisema, lakini treni itaendelea kusimama na mpiga kengele abaki. Jioni ile ile baraza likakaa. Mzee Nikolaus akatamka kwamba kwa kosa la kupiga kengele ya uongo, Stefano atatoa mbuzi mmoja, na aache kunung'unika.

"Na kwa stesheni kubaki?" Editha akauliza.

"Kwa hilo sisi ndio tutamchinjia yeye," mzee akasema. Wakachinja wawili.