Kiti cha Mbele ni cha Kamera

Wiki nzima wajukuu wananisumbua niandike kisa hiki, kana kwamba mchele wa mchana unajichambua wenyewe. Haya, someni.

Watu wa tamthilia walikuja kurekodi uani kwangu, hapa Kariakoo. Walipomaliza, wakipakia vitu kwenda Buguruni, mimi nipo barazani na ungo wa mchele mapajani, mwongozaji wao, bwana mkubwa wa miwani ya jua, akawahi kiti cha mbele cha kirikuu, kile kigari chao cha mizigo.

"Dada, sanduku la kamera tupa nyuma huko na viti."

Binti anayetunza kamera hakusogea. "Kaka, kamera ya kuazima hii. Ikivunjika, tamthilia imekufa. Nakaa nayo mbele, na hainyanyuliwi kabla sijakagua vifungo."

"Unatuchelewesha bwana! Shikamoo bibi, hebu mwambie binti huyu."

"Marahaba. Hukuzaliwa na kiti hicho, shuka."

Akashuka amevimba, akanyakua sanduku lililokuwa barazani kando yangu. Kumbe mwenyewe alikuwa amelifungua kutazama lenzi, akarudisha kifuniko bila kubana vifungo. Likaachama, lenzi ikadondoka puu! ndani ya ungo wangu. Bila mchele ule, ingekula sakafu.

Binti akaiokota, akaigeuzageuza juani. Nzima. Hakutukana; alinyoosha kidole tu kuelekea nyuma ya gari.

Wakubwa wa mjini wana haraka, ila kioo hakijui cheo cha mtu. Kamera ilikwenda Buguruni kiti cha mbele, mapajani mwa binti. Bwana mkubwa alilipa kwa jua la saa saba, huko nyuma, amekumbatia viti vya plastiki.