Matanga ya mkutano wetu

Leo wapimaji ardhi wa Homa Bay na Migori wamesimama kimya kumwombea mtu ambaye hajafa.

Aibu yote ni yangu.

Mimi ndiye katibu wa chama. Hoteli za hapa Homa Bay zimepandisha bei ya ukumbi, na mwenyekiti akaniambia nitafute ya bei nafuu ama tukutane chini ya jua. Sasa, mnajua huku kwetu watu wa matanga hupunguziwa. Nikaenda kwa Mama Zuhura, mwenye hoteli, nikainamisha kichwa, nikamwambia sisi ni kamati ya mazishi.

Akanipunguzia bila maswali. Nikajiona mjanja!

Leo tuko katikati ya mkutano, ramani iko ukutani, mlango ukafunguka. Mama Zuhura akaingia na wapishi wake, wamebeba sufuria ya pilau ambayo hatukuagiza.

"Poleni sana, wanangu. Marehemu alikuwa nani?"

Watu wakaangaliana. Mwenyekiti akanigeukia polepole.

"Katibu, nani amekufa?"

Jamani, si ningesema ukweli tu? Mdomo ukasema, "Mjomba wangu."

Mjomba yuko Rusinga, mzima kabisa.

Wote wakasimama. Mama akalia. Akasema yeye pia amemzika kakake majuzi. Ile pilau nimeshindwa kuimeza.

Chekeni tu, lakini hamjasikia mwisho.

Jioni nikaenda kwake kuungama. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono. "Tunazika lini, mwanangu? Nishapanga gari, nakuja na wapishi wote."

Nikamjibu, "Jumamosi."