Tundu Dogo Kuliko Buni

Ilianza Alhamisi, saa tisa na robo alasiri. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye uwanja wa mgambo hapa Ihembe, bunduki ndogo ya mazoezi begani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Kaka yangu Novatus, aliyepitia mgambo kabla yangu, ndiye aliyeniandikisha, eti aibu initoke.

Afande alishika risasi ndogo kwa vidole viwili.

"Mnaicheka? Hii haimwangushi mtu palepale. Atatembea, atawaamkia, kumbe anavuja damu ndani. Mlazeni, mkimbizeni hospitali. Wewe bubu, rudia!"

Nikarudia kwa sauti ya mbu. Wenzangu wakacheka.

Milio ikasikika bondeni. Kwa wiki mbili wezi wa ng'ombe wenye bunduki walikuwa wakituvamia, na siku hiyo Novatus alikuwa na zamu ya kulinda malisho.

Milio mitatu.

Kisha kimya.

Afande alikimbilia huko na wenye silaha. Sisi wanafunzi tukaamriwa kurudi makwetu.

Novatus alifika nyumbani kwa miguu yake, akiswaga ng'ombe wetu. Mama akapiga vigelegele. Tata, baba yetu, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akampa kahawa za kutafuna kama mgeni wa heshima.

"Shikamoo, Tata. Risasi imeniuma kama nyuki tu."

"Nyuki!" jirani yetu Mzee Deo akacheka. "Huyu ana ngozi ya kiboko!"

Niliona tundu kwenye shati lake, chini ya mbavu. Dogo kuliko buni. Damu kidogo sana.

Nilijua.

Lakini wazee walikuwa wanaongea, na mimi hata salamu huwa naitoa nikitazama chini. Nikasubiri wamalize.

Rubisi, pombe ya ndizi, ikaletwa. Novatus akapokea kibuyu. Hakikufika mdomoni; alianguka nacho.

Alikata roho kwenye bodaboda, katikati yangu na dereva, kabla hatujafika hospitalini Bugene.

Ijumaa asubuhi nilikuwa namenya ndizi za msiba. Nikamsikia Mzee Deo akiwaambia wanaume, "Ile ilikuwa risasi kubwa. Hakuna ambacho tungefanya."

Nikaweka kisu chini. Nikaenda mbele yao, nikapiga magoti.

"Ilikuwa ndogo. Nilifundishwa jana ileile cha kufanya. Nilinyamaza."

Tata akawaashiria wanaume wasogee.

"Rudia ulichofundishwa," akasema. "Wote wasikie."

Nikarudia yote, mpaka pale pa kumlaza na kumkimbiza hospitali.