Namba Sita kwenye Laini ya Mwenzake

Niliporudi Busia kutoka Uarabuni nilikuwa na stashahada ya forodha, niliyoisomea kwa pesa yangu baada ya zamu za ghala, na nyumba yangu ya Lumino niliijenga bila mchango wa mtu. Nayataja haya kwa sababu ndiyo yaliyomleta shangazi yangu kwangu, si kwa mwingine, alipotaka kufundishwa kucheza bahati nasibu ya taifa ya Kenya.

Shangazi anauza samaki sokoni, upande wetu wa Uganda. Kama wauzaji wengi wa hapa ana laini mbili za simu: ya Uganda kwa mambo ya nyumbani, ya Kenya kwa wateja wanaovuka asubuhi na kulipa kwa simu. Alitaka friza. Samaki waliobaki jioni aliwatoa kwa bei yoyote, kwa kuwa kesho yake wasingefaa, na miaka yote hiyo akiba yake haikuwahi kufika bei ya friza.

Nilimweleza kwa utaratibu. Unachagua namba sita, kuanzia moja hadi arobaini na tisa, bila kurudia yoyote. Mpangilio haujalishi. Unazituma pamoja na malipo kabla ya saa ya kufunga, kisha unasubiri ujumbe wa kuthibitisha. Ujumbe huo haufutwi hata simu ikijaa, maana ndio tiketi yako. Zawadi ndogo inaingia kwenye simu yenyewe. Kubwa unaifuata ofisini. Nikamwambia na jambo ambalo wengi hawalijui: ukichagua tarehe za kuzaliwa tu, huvuki thelathini na moja, na watu wengi wamechagua hizo hizo, kwa hiyo mkishinda mnagawana. Hakuna namba yenye bahati kuliko nyingine, na pesa ya kununulia samaki haichezewi.

"Sasa namba natoa wapi?" akauliza.

"Popote."

"Basi nachukua kwa malori."

Foleni ya malori ya kuingia forodhani hupita mbele ya meza yake. Akawa anachukua tarakimu mbili za mwisho za namba ya kila lori. Lililozidi arobaini na tisa aliliacha lipite.

Alicheza hivyo majuma kadhaa, mara moja kwa juma, mpaka ukaja ujumbe kwamba amepata namba tano. Alinisomea kwanza, kisha nikausoma mwenyewe. Mshindi afike ofisini Nairobi na kitambulisho cha mwenye laini.

"Laini hii imesajiliwa kwa jina la nani?"

"La Mama Mbuta."

Mama Mbuta ni Mkenya anayevuka kila asubuhi kununua mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani. Miaka ya nyuma alimsajilia Shangazi laini kwa kitambulisho chake, kama inavyofanyika hapa kila siku. Mimi nilieleza masharti yote, hili moja sikuliuliza. Na nilikuwa na kila sababu ya kulijua: laini yangu ya kwanza ya Kenya ilisajiliwa kwa jina la fundi baiskeli.

Niliandika mkataba wa kurasa mbili, wa Mama Mbuta kukubali kwamba zawadi ni ya Shangazi, na naweza kusema ulikuwa mkataba mzuri. Nikamshauri Shangazi asitaje ukubwa wa zawadi mpaka mwenzake atie sahihi.

Akaigeuzageuza karatasi. "Hii inasema yeye mwizi."

"Inasema *akiwa* mwizi."

"Mimi nakula naye sahani moja. Nakwenda kumwambia."

Alimwambia sokoni, juu ya meza ya samaki, watu wote wakisikia.

"Mama, ile laini yako imeshinda."

"Kwani mimi nimecheza lini?"

"Nimecheza mimi. Umeshinda wewe."

Meza za jirani zikacheka. Shangazi akataja kiasi chote. Mama Mbuta akanigeukia. "Na huyu daktari wa forodha alikuwa wapi?"

"Mimi si daktari. Nina stashahada."

"Haya, stashahada ilikuwa wapi?"

Mkataba ulikuwa mfukoni mwangu. Niliuacha huko.

Kesho yake Mama Mbuta aliondoka kwenda Nairobi, na laini akaenda nayo. Siku ya pili hakuonekana, wala ya tatu. Wateja wa Kenya wakawa wanamlipa Shangazi pesa taslimu. Siku ya nne nilimweleza hali ilivyo: zawadi italipwa kwenye akaunti ya Mama Mbuta, na kisheria ni yake.

"Sijakuuliza sheria," alisema, akaendelea kuparua magamba.

Lakini jioni ile aliwauza samaki wake mapema kuliko kawaida, akakaa akiangalia upande wa lango la mpaka.

Siku ya tano, asubuhi, nilipigiwa simu kutoka namba ya Kenya, ile laini yenyewe.

"Msomi, njoo ufanye kazi uliyosomea."

Nilimkuta Mama Mbuta upande wa pili wa mpaka, amesimama kando ya mkokoteni. Juu yake kulikuwa na friza mpya ndani ya boksi lake, kubwa kuliko alilolitaka Shangazi. Nilijaza fomu, ushuru ukalipwa, na kabla ya saa sita friza lilikuwa limevuka. Hakuna mtu mpakani hapa ambaye angelivusha haraka zaidi. Sikudai malipo.

Mama Mbuta alimkabidhi Shangazi pesa iliyobaki, pamoja na risiti ya duka na tiketi za basi. "Kikapu cha chini cha friza ni changu," alisema. "Siku nikichelewa kuvuka, mbuta wangu walale humo."

"Lala na wewe humo," Shangazi akamjibu, akiwa tayari anafungua boksi.

Laini bado iko kwa jina lile lile, na Shangazi bado anacheza kwa namba za malori. Watu wanaendelea kuja kwangu kufundishwa, wengine kutoka Nabuyoga. Kabla ya habari ya namba sita nawauliza laini ni ya nani, kisha nawauliza kama wanakula naye. Swali la pili sikulisoma chuoni.