Ngata ya Mjomba

Juzi, njiani Bigwa, nilimwona mwanamke akisokota ngata ya majani makavu ya mgomba ili ajitwike mzigo wake, nikalazimika kukaa chini. Miguu yangu imezeeka, lakini haikuwa miguu peke yake.

Nilikumbuka mchana mmoja wa utoto wangu. Ukungu ulikuwa umeshuka mlimani, na jikoni kwa mama kulinukia maharage na moshi wa kuni mbichi. Jumbe alikuja na askari wawili wa Mjerumani, wakitafuta wapagazi wa vita. Walimtaka kaka yangu, ambaye hata ndevu zilikuwa hazijamwota. Mjomba, kaka yake mama, akatokea shambani na jembe lenye udongo mbichi.

"Mwacheni huyo, ni mtoto wangu," alisema. "Nitakwenda mimi. Mlima huu nimeuchoka, na kelele za watoto nimezichoka."

Kisha akakaa kusokota ngata yake, taratibu, kama mtu anayekwenda sokoni.

Mimi nilimwamini. Nilijua ametuchoka kweli, nikanuna. Aliponiomba maji ya kunywa, nilimwambia ajichotee.

Leo najua kwamba Mjomba hakupenda hata kushuka Morogoro kufuata chumvi. Alikuwa akiagiza watu. Maneno yale aliyasema ili kaka asibaki na mzigo moyoni.

Hakurudi. Maji yale alijichotea mwenyewe, akanywa, akakirudisha kibuyu mahali pake.