Hodi ya Tatu

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri mrefu na mengi ya kukumbuka. Kila kengele ya mlango inapolia hapa kwenye fleti yetu Bur Dubai, pua yangu hurudi Unguja, kwenye harufu ya gundi ya unga wa muhogo na chokaa mbichi. Ndivyo lilivyonukia jukwaa la skuli yetu ya wasichana, zama za Waingereza, mwaka tulipocheza ule mchezo wao wa kuchekesha.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa zamani. Waingereza walikuwa wakiucheza klabuni kwao, wakichekeshana wenyewe kwa wenyewe, hata mwalimu mkuu wetu, Mwingereza, akataka uje skuli. Mwalimu wetu Bi Zuwena akautia Kiswahili. Mwanamume anamkimbia mama mkwe wake, anajificha chini ya meza. Mama mkwe anabisha, hajibiwi, anaingia hivyo hivyo na kumkanyaga vidole. Mwenzangu Rukia alikuwa mwanamume huyo, kapakwa masharubu ya makaa. Mama mkwe nilikuwa mimi, na bakora ya babu.

Bibi yangu hakuupenda mchezo huo. Yeye ndiye aliyenilea na kunisomesha Kurani, na ruhusa ya kwenda skuli ilikuwa mkononi mwake. Alisema atakuja kutazama na kina mama wenziwe, na akiona tumefunzwa utovu wa adabu, kesho yake nitabaki nyumbani. Nami nilikuwa nikiipenda skuli kuliko chakula.

Kwenye mazoezi hatukuwa na mlango. Nilikuwa naingia tu nikiashiriwa. Siku yenyewe seremala alituletea mlango wa kweli, wenye komeo. Nikasimama mbele yake, na mdomo ukafanya ulivyozoea. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili. Mama mmoja akanionea huruma, akasema kutoka kwenye majamvi, "Yumo, mwanangu, chini ya meza." Nikapiga ya tatu. Sikujibiwa, nikageuka nikaenda zangu, kwani Bibi alinifunza tangu mdogo kwamba dini yetu inataka hivyo: ukibisha mara tatu usipopewa ruhusa, rudi.

Nilikuwa nimeshafika uani nilipotambua kwamba mchezo nimeuacha nyuma. Niliiona skuli inaniponyoka. Ndani, Rukia alichoka kungoja, akachomoza kichwa, akauliza, "Mama mkwe kenda wapi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akatoka mbio na masharubu yake, akanishika mkono, akanirudisha jukwaani kwa karibu nyingi na kuombana radhi, huku kina mama wakipiga vigelegele. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya buibui. Kisha akamwambia Bi Zuwena, "Mwacheni asome. Adabu yake kumbe anatembea nayo."

Tangu hapo, kila skuli yetu ilipoucheza mchezo ule, mama mkwe aliondoka baada ya hodi ya tatu, na mkwewe akamkimbilia. Mwalimu mkuu hakuurudisha ulivyokuwa.

Siku hizi wajukuu zangu hutuma ujumbe wa simu wakiwa bado kwenye lifti, na wanaoleta bidhaa hubonyeza kengele mara moja, kisha wana haraka ya kuondoka. Siwalaumu, kila zama na hodi yake. Ila miguu yangu imekuwa mizito, basi nikisikia tu kengele huitikia karibu kwa sauti nikiwa bado kitini, mtu asije akageuka. Nawe unayesoma, Mola akufungulie kila mlango wa kheri kabla hujafika hodi ya tatu.