Siku Niliyotafsiri Saa ya Lori

Aibu hii ni yangu, na naiandika mwenyewe kabla Mama Cherono, mkulima wetu mmoja, hajawafikia, maana yeye akisimulia huongeza chumvi. Mimi ni karani wa kituo cha majani chai huku Konoin, shule niliachia kidato cha pili, na kompyuta nimejifunza kwa kuiharibu.

Tulikuwa tumepata programu ya bure ya kuwatumia wakulima ujumbe kwamba lori la kiwanda linafika saa ngapi (hubadilika kila siku, barabara zetu mnazijua). Ni ile aina isiyo na mwenyewe: watu wa nchi nyingi wanaitengeneza kwa kujitolea, na yeyote anaweza kuifungua ndani akarekebisha. Nisiwe mwongo, ni programu nzuri. Shida ilikuwa Kiingereza, wazee hawakitaki, basi nikaamua nitafsiri mimi. Sheria yao ni kwamba mtu wa pili asome kwanza ndipo sentensi ikubaliwe. Mtu wa pili wa Kiswahili hakuwepo, nikajikubali mwenyewe, tena nikajipongeza.

Asubuhi iliyofuata lori likafika, mimi niko na mizani, mkulima hakuna hata mmoja. Nikadhani wamenikasirikia. Dereva akangoja, akapiga honi, akaenda zake.

Saa nane mchana ndipo wakaanza kushuka na vikapu, wote, na hapo nikakumbuka nilichoandika: "Lori litafika saa 8." Kompyuta ilimaanisha saa 8 ya Kizungu, yaani saa mbili asubuhi. Kwetu saa 8 ni saa nane, watu wameshakula cha mchana.

"Karani, lori iko wapi?" akauliza jirani yangu, mzee arap Koech.

"Ilikuja ikaenda, mzee. Ni programu."

"Si upigie mwenyewe simu."

"Haina mwenyewe. Ni ya watu wote."

"Ya watu wote! Na hii majani ikiharibika, itaharibika ya watu wote?"

Mama Cherono akaweka kikapu chini. "Mimi pia ni watu wote," akasema, "na hakuna mtu aliniuliza."

Nikakiri. (Ningeficha vipi? Jina langu liko kando ya ile sentensi, dunia nzima inaliona.) Nikawaandikia watengenezaji, na dada mmoja wa mbali, hatujuani, akajibu papo hapo, akaniomba msamaha, yeye!, akarekebisha saa kabla hatujamaliza kulaumiana. Lakini lori hakuwa nalo.

Tukatandaza majani kivulini, nikambembeleza dereva kwa simu mpaka akarudi jioni. Mengi yalipokelewa. Ya Mama Cherono, aliyetangulia kuchuma, yalikuwa yameshageuka mekundu, yakakataliwa. Hakunitukana. Alisema tu, "Kesho utanichumia."

Nikachuma, vibaya, majirani wakipita wanasalimia kwa sauti kubwa kuliko kawaida, naye nyuma yangu: "Majani mawili na chipukizi, karani! Hiyo ni tawi!"

Bado natafsiri, siwezi kuacha. Ila sentensi haitoki tena mkononi mwangu kabla mtu mwingine hajaisoma, hata kama mtu huyo ni Mama Cherono na lazima kwanza nimngoje amalize kucheka.